Kikapu cha Mama, Sweta la Atupele

Kikapu kimekaa juu ya meza yangu tangu Jumatatu, sasa ni kitupu, na kila nikipita karibu nacho naona kama mama ananitazama. Atupele ndiye aliyekileta. Alitoka Mbalizi na bajaji, amekipakata kimejaa ndizi mbichi, akaniambia walikuwa wakipanga vitu vya marehemu mama yake wakakikuta juu ya kabati. "Hiki ni cha kwenu, Lustika," akasema. "Mimi siwezi kukaa nacho." Tukanywa chai, tukamlilia mama yake kidogo, tukacheka kidogo, akaondoka. Ndizi tumekula zimekwisha. Jana nilikifuta kwa kitambaa kibichi, milulu ikatoa ile harufu yake, harufu ya bondeni asubuhi, basi nikavuta kigoda nikakaa palepale jikoni, na kazi zote zikalala.

Wenzangu mliokulia upande wa Iringa harufu hiyo mnaijua. Milulu ni majani marefu ya kwenye majimaji, kule kwenye vinyungu, mashamba yetu ya bondeni. Mama aliikata, akaianika, akaichana, akaiviringisha juu ya paja mpaka ikawa kamba nyembamba, kisha akailowesha ili isivunjike akisuka. Nyumba nzima ilinukia milulu mbichi. Blanketi langu lilinukia milulu. Nikienda shule, nadhani hata mimi mwenyewe nilinukia milulu, maana mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama nalala kwenye kinamasi.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani tukapangwa kwa mistari kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, nyumba inatazamana na nyumba. Watu waliozoea kusalimiana kwa kupaza sauti kutoka mlima huu hadi ule sasa walijua jirani amepika nini na ametia chumvi kiasi gani. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya Mama Atupele. Mumewe alikuwa mtu wa kwetu, dereva wa malori, lakini yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekua akiuza ndizi barabarani tangu hajaota meno ya ukubwani. Alikuwa na sauti kubwa, na mwanawe Atupele alikuwa rika langu. Tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa na kifutio, mimi nilikuwa nafutia mate.

Huyu Mama Atupele alikuja kwetu hajui kusuka hata kifuniko cha chungu. Mama ndiye aliyemfundisha. Alimshika vidole kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea, akamfumulia alipokosea, akamwambia, "Bana, mwenzangu, bana. Unasuka kikapu au wavu wa samaki?" Naye alicheka, akafumua, akaanza upya. Mimi nilikaa pembeni nikimwangalia Atupele akila viazi vyetu, na moyoni nikasema, hawa watu watamaliza kila kitu chetu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya sweta. Mwezi wa sita kwetu si mchezo. Tulikwenda shule tumefungwa khanga shingoni, magoti yamepauka, meno yanagongana. Siku moja mama alinipeleka mjini Iringa kupima jicho, na tulipokuwa tukirudi stendi tukapita kwenye duka lenye sweta limetundikwa mlangoni. Lilikuwa jekundu, la vifungo vyeupe, na lilikuwa na mifuko miwili. Mama alisimama. Alilishika mkono, akapitisha kidole gumba kwenye mfumo wake, kama anakagua kazi ya mwenziwe. Akasema, "Tukiuza vikapu." Alisema hayo tu. Tangu hapo sweta likawa langu, limebaki kuchukuliwa tu. Halafu mimi kwa akili zangu za utoto niliamini kwamba dunia nzima ina sweta jekundu moja, na ndilo lile. Kwamba mwenye duka angeweza kuwa na jingine stoo, hilo halikunijia kabisa.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaleta habari kwamba kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono mjini, kwenye uwanja wa mpira. Akina mama wote wanaosuka na wanaofinyanga walete vitu vyao, lori litawachukua. Mama alisuka kipindi chote cha masika na zaidi. Vidole vilipasuka akavipaka mafuta ya kupikia, akaendelea. Vikapu vikajaa kwenye kona vimepandana, vingine vyeupe, vingine vina mistari ya rangi nyeusi na ya kahawia aliyoichemsha kwa mizizi. Mimi nilivitazama nikaona sweta. Kila alipomaliza kimoja niliona kifungo kingine.

Asubuhi ya safari mama alifanya kitu ambacho kwetu hakuna ambaye angekishangaa. Alijaza kila kikapu. Hiki aliweka maharage kiganja kizima, hiki karanga, hiki ulezi. Bibi yangu alimlea hivyo, na bibi alilelewa hivyo: kikapu hakitoki mikononi mwako kikiwa kitupu kwenda kwa mtu. Ukimpa mtu kikapu kitupu ni kama umemwombea nyumba yake iwe hivyo hivyo. Hata ukiazima ungo kwa jirani, unaurudisha na chochote ndani, hata kama ni nyanya mbili. Mimi nilimsaidia kumimina ulezi nikiwa na furaha tele, nikahakikisha hamna mawe.

Tulipofika uwanjani, Mama Atupele alifunga kamba kwenye miti miwili akatundika vikapu vyake vyote, midomo imewatazama watu, vitupu. Mama alitandika mkeka akavipanga vyake chini, kila kimoja na chakula chake. Mama Atupele akaja akasimama, mkono kiunoni.

"Mama Lustika, toa hayo maharage. Watu wanataka kuona ndani."

"Nimpe mtu kikapu kitupu apeleke kwake?"

"Atakijaza mwenyewe."

"Kwenu labda," mama akasema, akaendelea kupanga.

Watu wakaanza kuja. Walikuja wenye viatu vya visigino, wakaja wazungu wa miradi na kofia zao, wakaja walimu na manesi. Mama mmoja aliyesuka nywele vizuri aliinama kwetu, moyo wangu ukaruka. Akachota maharage, akayachezesha kiganjani.

"Haya ya Mufindi? Kopo bei gani?"

"Ninauza kikapu, mama," mama akamjibu.

"Kikapu ninacho nyumbani. Nimiminie haya kwenye mfuko wangu."

"Hayo ni ya mwenye kununua kikapu."

Yule mama alimtazama mama kama anayemtazama mtu asiye mzima sana, akaenda zake. Akaja mwingine, akauliza karanga. Akaja mzee akauliza kama ulezi ni wa mbegu. Halafu akaja kijana mmoja wa maonyesho, amebandika karatasi kifuani, ana haraka.

"Mama, wauza vyakula wako upande ule."

"Mimi sio wa vyakula."

"Sasa haya ni nini?"

"Vikapu."

"Mimi naona maharage, mama. Tusibishane, nyanyua mkeka."

Mama hakuwa mtu wa kubishana na watu waliobandika karatasi. Tukahama. Tukawekwa katikati ya wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na mama mmoja wa mchele wa Usangu. Kazi ya mama yangu, ambayo kijiji kizima kilijua hakuna wa kuifikia, ikawekwa chini palepale kwenye maganda ya vitunguu, na watu wakapita wakiulizia bei ya kopo. Muuza vitunguu akamtania, "Shemeji, leo umekuja kututembelea tu." Mama akatabasamu kwa heshima. Mimi macho yaliniwasha, na si kwa sababu ya vitunguu.

Nilimsihi. Nilimwambia, "Mama, mwaga. Tuyaweke kwenye khanga, turudi kule." Nilifikiri hakusikia, nikarudia. Sweta lilikuwa umbali wa kumwaga maharage tu, na yeye ndiye alikuwa amekaa juu yake.

"Mtu akifika kwake akakuta kikapu changu hakina kitu, atanikumbuka vipi?"

"Si atakuwa na kikapu?"

"Kaa chini, Lustika."

Sikukaa chini. Nilikwenda upande wa pili kuangalia, na kila nilipokwenda kamba ya Mama Atupele ilikuwa imepungua. Sauti yake ilifika mpaka golini. "Karibu mama, shika mwenyewe, vuta, tazama kilivyokaza, kimesukwa na mikono hii hii." Watu walishika, walivuta, walicheka naye, walinunua. Atupele alisimama kando akiwapa watu vikapu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa vizuri kama malaika, na wanawake wakimshika shavu. Niliona wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Nilitamani kamba ikatike. Na lililoniuma kupita yote ni kwamba nilitamani mama yake awe mama yangu, mwenye akili ya kutundika vitu, na wangu, mwenye maharage yake, abaki huko huko na vitunguu.

Alasiri walipotea kidogo, yeye na mama yake. Waliporudi, Atupele alikuwa amevaa sweta jekundu. La vifungo vyeupe. Jua lilikuwa linawaka, jasho linamtoka puani, na vifungo vyote amefunga hadi shingoni.

Kwenye lori tulikaa juu ya vikapu vyetu, maana nafasi ilikuwa ndogo na vyetu ndivyo vilivyobaki. Hatukuuza hata kimoja. Atupele akanisogelea.

"Gusa. Ni laini."

Nilitaka nisiguse. Niligusa. Lilikuwa laini kweli, nikamchukia zaidi.

Mama Atupele naye akatoa kikapu kimoja kilichokuwa kimebaki kwenye kamba yake, akampa mama. "Mwalimu wangu, hiki ni chako. Bila wewe ningeuza nini mimi?" Alisema kwa moyo safi, hata mimi niliona. Lakini alikitoa kitupu. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akakilaza mapajani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani, amekaa juu ya mkeka na kile kikapu cha Mama Atupele. Alikuwa anakizungusha, anapitisha kidole gumba kama alivyofanya kwa sweta. Akachota ulezi, akaumimina ndani, akakinyanyua na kukitikisa kidogo. Punje zikaanza kudondoka kwenye mkeka, kidogo kidogo, kisha nyingi. Akachukua kikapu chake mwenyewe, akamimina ulezi ule ule, akatikisa kwa nguvu. Haikutoka punje. Basi mama yangu, ambaye tangu jana alikuwa amenuna hata kwa kuku, akatabasamu peke yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaliona tabasamu lile, nikajua kwamba na yeye jambo la jana limemchoma. Sijui kwa nini, lakini nilijisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu jana. Tulikuwa wawili.

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Alichagua kikapu chake kizuri kuliko vyote, ndicho hiki kilichoko mezani kwangu, akakijaza ulezi mpaka juu, akaniita.

"Peleka kwa Mama Atupele. Mwambie mama anasema hongera sana kwa mauzo."

"Ndiyo, mama."

"Na mwambie asiuhamishie kwenye kikapu chake. Utamwagika."

Nikavuka barabara na kikapu kichwani. Kumpelekea zawadi mwenye sweta langu, nyie, miguu ilikuwa mizito. Mama Atupele alikuwa anapepeta. Nikamwamkia, "Kamwene, mama," nikampa ujumbe wote, sikuacha hata neno. Alianza kucheka kwa ile sauti yake, kisha akanyamaza katikati. Aliangalia ulezi. Aliangalia kikapu, akageuza chini yake, akakiangalia tena.

"Ndaga, asante. Mwambie mama yako nimesikia," akasema.

Nikarudi nyumbani nikaanza kungoja. Nyinyi mnaokumbuka utoto mtanielewa. Kikapu kilikuwa kimekwenda kwao kimejaa, kwa hiyo kitarudi na kitu, hiyo ndiyo sheria. Na kitu gani walichokuwa nacho kipya, kilichofaa kulipia kikapu kizuri kama kile? Niliona wazi kabisa, bila shaka hata kidogo, kwamba sweta linakuja. Sikumwambia mtu. Shuleni nilimtazama Atupele akiwa nalo, nikalilinda lisichafuke, nikamwambia asikae kwenye vumbi. Nikamwazima hata kalamu yangu ya risasi. Yeye alifikiri nimeanza kumpenda.

Kikapu kikarudi. Atupele alikileta mwenyewe, hana sweta mwilini, nikajua limo ndani. Juu kulikuwa na ndizi za Tukuyu ambazo baba yake alikuwa ameleta na lori. Alipoondoka nikakipeleka ndani nikaanza kutoa ndizi, moja moja, naziweka chini polepole, maana sweta huwekwa chini ili lisipauke na jua. Nikatoa mpaka nikaona milulu. Nikapapasa kote.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Unatafuta nini?"

"Sweta."

Nilijua atacheka. Hakucheka. Alikaa chini kwenye ndizi, akanivuta, akanifunika na kitenge chake chote mpaka kichwani. Huko ndani kulinukia milulu. Akasema, "Nililitaka sana, mwanangu. Nilikuona umelivaa kabisa." Sauti yake haikuwa ile ya kawaida. Nikalia, naye akaniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akasema ndizi zikimenywa mapema zitaiva na maharage. Maharage yale ya maonyesho tulikula mpaka tukayachukia.

Vile vikapu vyake vingine vilitundikwa juu ya jiko, moshi ukavigeuza rangi. Akitokea mtu ameoa, kimoja kilishuka. Akizaliwa mtoto, akifiwa mtu, kingine kilishuka, na hakuna kilichotoka bila kitu ndani. Mwaka uliofuata alikwenda tena kwenye maonyesho, na karanga zake. Sikumfuata. Mama Atupele naye alikuja siku moja amebeba kikapu chake kipya, hakusalimia vizuri, akamimina ulezi mbele ya mama akatikisa mpaka khanga ikamlegea. Mama aliinama akaangalia mkeka muda mrefu, akitafuta hata punje moja. Hakuona. Akasema, "Sasa," akaenda kumchemshia chai, na nadhani hata hapo hakufurahi sana.

Hiki cha kwetu kiliendelea kuvuka barabara. Kilikwenda na mahindi mabichi, kikarudi na ndizi, kikaenda na uyoga, kikarudi na maparachichi, na kila kilipokwenda na ulezi Mama Atupele alikuwa anajua kuna neno. Na sweta nalo lilikuja, msidhani halikuja. Lilikuja baadaye sana, limekunjwa ndani ya kikapu, limepauka mabegani, kifungo kimoja cha kijani. Nililivaa haraka nikiwa nimegeukia ukutani. Halikunipita kwenye mabega. Mimi na Atupele tulikuwa rika moja, mwili mmoja. Lilipomkataa yeye, mimi lilikuwa limekwisha kunikataa. Akalivaa mdogo wangu Festo, akalimaliza kwa kuchunga mbuzi, mpaka sufu ikaisha kwenye miiba.

Sasa mama hayupo, na Mama Atupele tumemzika. Atupele ana nyumba ya vigae Mbalizi na wajukuu wanaosoma shule za basi la njano, na mimi nampenda, ni ndugu yangu, lakini akishuka kwenye bajaji na kitu kipya mwilini bado nakiangalia kwanza kabla ya kumwangalia yeye. Jumatatu alikuwa na viatu. Niliviona.

Kikapu hakiwezi kukaa kitupu, na safari hii zamu ni yangu. Basi leo asubuhi nimekwenda sokoni, nikapita kwenye mitumba, na katikati ya rundo nikaona mkono mwekundu. Nikauvuta. La vifungo vyeupe, mifuko miwili, la mtu mzima. Nikasema, Mungu mkubwa, hili ndilo la kumpelekea Atupele. Atacheka mpaka alie. Nimelileta nyumbani, nimelifua, limekauka na upepo huu wa Mbeya, nimelikunja nimeliweka ndani ya kikapu.

Halafu nikalitoa, nikalijaribu kidogo tu, nione kama litamtosha, maana mpaka leo mwili wetu ni mmoja. Nimefunga vifungo vyote hadi shingoni. Limenikaa vizuri sana.

Atupele nitampelekea ulezi.